Maharage ya Mama na Nguzo Nne za Jumuiya

Cheti changu cha kwanza cha maana sikukipata darasani. Nilikipata kwenye shindano la insha mwaka 2007, nikiwa Kidato cha Tatu. Mada ilikuwa faida za ushirikiano wa Afrika Mashariki kwa vijana. Niliibuka wa kwanza kiwilaya, nikapewa kamusi, begi la mgongoni na shilingi 30,000 kwenye bahasha. Mama alikipeleka cheti kwa fundi wa fremu, akakitundika sebuleni juu ya redio, mahali ambapo mgeni akikaa tu lazima akione. Kipo pale hadi leo. Kioo kimepasuka kona moja.

Katika insha ile niliandika, kwa Kiingereza nilichokuwa nimekikariri wiki mbili nzima, kwamba mipaka ya nchi zetu sasa imebaki kwenye ramani tu. Siku tisa kabla, mama alikuwa amepoteza magunia mawili ya maharage kwenye mpaka huo huo.

Aibu hiyo nilidhani nimeshaizoea. Mwaka 2024 nikaitwa kuwa jaji wa shindano la aina ile ile, ndipo nikajua sijaizoea hata kidogo.

*

Nimekulia mji wa mpakani, upande wa Tanzania. Sitautaja, kwa sababu mama bado anafanya biashara pale na mji wenyewe ni mdogo, kila mtu anajua nani ni mtoto wa nani. Mama alikuwa akikusanya maharage na vitunguu kutoka vijiji vya upande wetu na kumpelekea mwanamke mmoja upande wa Kenya. Sisi watoto tulimwita mama mdogo, ingawa hatukuwa na undugu naye wa damu. Akirudi, mama alibeba sabuni, mafuta ya kula na mabeseni ya plastiki. Shilingi ya Kenya aliibadilisha kichwani haraka kuliko sisi wenye kikokotoo. Biashara ikiwa ngumu upande wetu, mama mdogo alilipa kabla mzigo haujafika. Naye akiuguliwa, mama alimpelekea mali kwa mkopo na hakudai mpaka mambo yakae sawa. Hawakuwa na mkataba wowote. Walikuwa na daftari moja la mistari, na kila mmoja alijua kilichoandikwa humo.

Kisheria, maharage yale hayakuwa na tatizo. Umoja wa Forodha ulikuwa umeanza mwaka 2005, na kwa utaratibu ule bidhaa zilizozalishwa Tanzania ziliingia Kenya bila ushuru wa forodha. Kilichotakiwa ni kuthibitisha kwamba mali ni ya kwetu kweli, kwa cheti cha uasili wa bidhaa, pamoja na karatasi za afya ya mazao. Sasa nani alimwambia mama? Alichokuwa akijua yeye ni kwamba ukipita getini utaambiwa usubiri, na kusubiri kuna bei yake. Akapita njia za panya, kama wenzake wote. Usiku ule vijana wawili waliombebea walikutana na watu wenye sare porini. Wa upande gani, hata wao hawakujua, giza lilikuwa zito. Wakatupa magunia, wakakimbia. Asubuhi mama alikaa jikoni na daftari lake. Hakulia. Alifuta mstari mmoja, akaandika mwingine. Ada yangu ya muhula ilikuwa ndani ya magunia yale.

Shuleni, mwalimu wetu wa Uraia alikuwa ametuchagua watano. Kila jioni baada ya masomo alitukaririsha nguzo nne za Jumuiya: Umoja wa Forodha, Soko la Pamoja, Umoja wa Fedha, Shirikisho la Kisiasa. Akatukaririsha tarehe: Mkataba kusainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Rwanda na Burundi zilikuwa ndiyo kwanza zimeingia, Julai ya mwaka ule ule, kwa hiyo ukizitaja ulionekana mjanja. Kulikuwa pia na mjadala mkubwa wa kuharakisha shirikisho la kisiasa. Serikali ilikuwa imezunguka kukusanya maoni, na Watanzania wengi walisema shirikisho sawa, haraka hapana. Watu wazima walibishana juu ya jambo hilo kwenye vijiwe vya kahawa. Kwenye mazoezi yetu halikuingia.

Katika rasimu yangu ya kwanza niliweka aya moja kuhusu maharage. Mwalimu aliikata kwa mstari mmoja wa wino mwekundu.

"Hapa wametaka faida," akaniambia. "Hasara za mama yako zina mahali pake."

Sikumwuliza mahali hapo ni wapi. Na nisimsingizie: alikuwa mwalimu mzuri, alitupa jioni zake bure, na karatasi ya kuandikia alinunua kwa pesa yake. Alijua majaji wanapenda nini, na alitaka mtoto wa mpakani ashinde. Nikashinda. Ada yangu hatimaye ililipwa na mama mdogo, kwa pesa za Kenya zilizobadilishwa sokoni. Hilo nalo sikuliandika.

*

Mashindano ya namna hii yapo mengi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina shindano lake la insha kwa wanafunzi wa sekondari, na washindi wamewahi kukabidhiwa zawadi mbele ya marais kwenye mkutano wa wakuu wa nchi. SADC, ambayo Tanzania pia ni mwanachama, nayo ina la kwake. Sababu ya kuwa nayo naielewa na naiunga mkono. Jumuiya ya kwanza, ile ya 1967, ilikufa mwaka 1977 ikiwa na umri wa miaka kumi tu. Ilikuwa na shirika la ndege la pamoja, reli ya pamoja, bandari na posta za pamoja. Mkataba wa 1999 wenyewe, katika utangulizi wake, unataja kilichoiua: utashi mdogo wa kisiasa, mgawanyo wa faida usio sawa, na wananchi na sekta binafsi kutoshirikishwa vya kutosha. Ndiyo maana Ibara ya 7 inataka ushirikiano unaomweka mwananchi katikati. Na kama kweli unamtaka mwananchi katikati, ni busara kuanza naye akiwa na miaka 16.

Mama anaikumbuka 1977 kwa namna yake. Alikuwa na miaka tisa. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwaka huo, na haukufunguliwa mpaka 1983. Shangazi yake alikuwa ameolewa Nakuru. Bibi alipofariki, katikati ya miaka hiyo, shangazi hakuja kuzika. Ukimwuliza mama ushirikiano wa kimataifa ni kitu gani, hatakutajia nguzo. Atakwambia ni shangazi kuweza kufika msibani.

*

Basi, mwaka 2024 nikaitwa kuwa jaji. Waandaaji sitawataja, walikuwa watu wenye nia njema na bajeti ndogo. Majaji tulikuwa watatu: mwalimu mstaafu, ofisa mmoja kijana aliyekuwa mwenyekiti wetu, na mimi niliyeitwa "dada mwandishi" muda wote. Insha zilikuwa 64. Kanuni ziliruhusu Kiswahili au Kiingereza, na 58 zilikuwa za Kiingereza.

Nilizisoma siku mbili. Kufikia ya kumi nilihisi naisoma insha yangu mwenyewe. Nchi nane zote zimetajwa, na waliochelewa kuingia wamewekwa kwa mpangilio: Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Nguzo nne zipo. Mipaka, bado, imebaki kwenye ramani. Watoto wale wana akili, sibishi. Lakini katika insha nyingi hakukuwa na mtu hata mmoja. Hakuna shangazi, hakuna dereva wa lori, hakuna jirani. Kulikuwa na "vijana" na "fursa" tu, kurasa nne.

Halafu nikaishika moja ya Kiswahili, ya binti wa Kidato cha Tatu. Baba yake alikuwa akipeleka mahindi Kenya. Machi 2021, alipokuwa bado shule ya msingi, Kenya ilitangaza ghafla kuzuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Lori la baba yake lilikuwa tayari kwenye foleni. Aliandika jinsi baba alivyolala chini ya lori, jinsi mvua ilivyopenya turubai bovu, jinsi gunia la juu lilivyoanza kutoa joto ukilitia mkono. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti, lakini mnunuzi alikuwa ameshatafuta mahindi kwingine.

Kilichonishangaza ni kwamba hakulalamika. Alieleza kwamba sumukuvu inaua kweli, akakumbusha kwamba mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na kwamba nchi yoyote ina haki ya kulinda chakula cha watu wake. Baada ya hapo, mahali ambapo sisi wote tuliweka hitimisho la vijana kuchangamkia fursa, yeye aliweka maswali matatu:

Sheria ikisema pita na mtu wa kizuizini akisema rudi, mwananchi anampigia nani simu?

Nchi moja ikitaka kuzuia mazao ya nyingine, nani ana wajibu wa kumwambia mkulima kabla lori halijaondoka?

Mkishamaliza kusahihisha insha zetu, mnazipeleka wapi?

Nikaweka kalamu chini.

Tulikuwa na mwongozo wa kusahihisha. Utangulizi maksi 10. Faida tano, kila moja maksi 12. Changamoto na suluhisho 10, lugha 10, hitimisho 10. Binti alikuwa ametaja faida mbili tu, na maswali hayakuwa hitimisho. Nilijumlisha mara mbili nikapata 54.

Tulipokutana nikasema hii ndiyo insha bora kuliko zote. Mwalimu mstaafu aliisoma yote, polepole, miwani ikiwa puani.

"Ni nzuri," akasema. "Ila haijajibu swali. Tukiipa hii zawadi, wale waliofuata maelekezo tutawaambia nini?"

Na hoja yake ilikuwa ya haki, hapo ndipo penye ugumu. Wale wengine walifanya walichoambiwa, kama mimi. Mwenyekiti akatazama saa. Ningeweza kung'ang'ania. Kazini kwangu nimeng'ang'ania mengi, tena na watu wazito. Siku ile nilisema "sawa", nikasaini karatasi ya matokeo. Wino wangu ulikuwa wa buluu, lakini kazi iliyofanyika ilikuwa ile ile ya wino mwekundu.

Siku ya zawadi mgeni rasmi alisema vijana ni taifa la kesho, tukapiga makofi, zikapigwa picha. Binti alikuja wakati watu wanagombea soda.

"Shikamoo dada. Yale maswali yangu, kuna aliyeyasoma?"

"Marahaba. Nimeyasoma mimi."

"Sawa. Sasa majibu yanatoka lini?"

Aliuliza kama mtu anavyouliza matokeo ya mtihani. Kwake ilikuwa dhahiri kwamba ukiulizwa unajibu, na ukiuliza unajibiwa. Nyuma yangu, chini ya meza ya waandaaji, insha zote 64 zilikuwa ndani ya boksi moja la karatasi za kuchapia. Nikamwambia nitamwandikia.

*

Nilipita kwa mama kabla ya kurudi Dar es Salaam. Jioni, yeye akipika chapati, alinitaka nimweleze hiyo kazi ya ujaji. Nikamweleza, na katika kueleza nikafika kwenye insha yangu. Kumbe miaka yote ile hakuwahi kujua nilichoandika. Kilikuwa Kiingereza. Rasimu yangu ya zamani ilikuwa bado ndani ya begi lile la zawadi, juu ya kabati. Nikaishusha, nikamtafsiria sentensi kwa sentensi.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo maharage hukuyaandika?"

"Niliyaandika. Mwalimu akayakata."

Akanyamaza. "Mimi nikipita pale nikakitazama kile cheti," akasema, "huwa najiambia, angalau wakubwa wameambiwa."

Hakuwa na hasira. Aligeuza chapati. Mimi ndiye niliyeshindwa kula.

*

Majibu niliyatafuta kama ninavyotafuta habari yoyote, kwa simu na kwa kusoma nyaraka. La kwanza lina jibu, tena zaidi ya moja. Vikwazo vya biashara visivyo vya ushuru vina sheria yake ya Jumuiya ya mwaka 2017, na kila nchi inatakiwa kuwa na kamati ya kuvifuatilia. Upo mfumo wa kuripoti kikwazo kwa intaneti au kwa ujumbe wa simu, unaohudumia EAC, COMESA na SADC kwa pamoja. Kuna pia jambo ambalo hata mimi mwandishi sikuwa nalijua vizuri: mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, pale Arusha, kupinga kitendo cha serikali kinachovunja Mkataba. Ila ana miezi miwili tu ya kufungua shauri. Yaani baba yake yule binti alikuwa na mlango, na mlango ulikuwa umejifunga kabla hajasikia kwamba upo.

La pili nilimjibu nusu. Hatari ya sumukuvu ni ya kweli, na tiba yake inaanza shambani, kwenye kukausha na kuhifadhi. Lakini nani hasa anapaswa kumpigia mkulima simu, sikupata mtu mmoja aliyesema "ni mimi". Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwingine. Nilimwandikia hivyo hivyo.

Katika kutafuta, nilikutana pia na cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, cha wafanyabiashara wadogo, kwa mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kinachotolewa palepale mpakani. Nikampigia mama simu kwa furaha, nikidhani nampa habari mpya.

"Hiyo karatasi naijua mwanangu, ilikuja baadaye," akasema. "Siku anayeisaini yupo, ni dakika kumi. Siku hayupo, tunarudi kule kule."

Ningekuwa naandaa shindano, ningemwita mama awe jaji. Sisemi kwa utani. Mtoto anayejua nguzo nne bila kujua anayesaini karatasi yuko wapi bado hajafundishwa ushirikiano. Amefundishwa kuusifia. Mashindano haya siyapingi; bila lile la 2007 huenda nisingekuwa mwandishi, na kamusi ile ndiyo niliyokwenda nayo chuo kikuu. Ninachoomba ni kidogo. Mada imwulize mwanafunzi ameona nini kabla ya kumwuliza amefaidika nini. Mwongozo wa maksi uache nafasi ya swali zuri. Kati ya maswali watakayouliza, matatu yapelekwe kwa mtu mwenye dhamana, ayajibu kwa maandishi, na majibu yasomwe ukumbini siku ya zawadi, kabla ya hotuba. Na Kiswahili kisiwe ruhusa tu iliyoandikwa kwenye kanuni. Kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021. Mama na mama mdogo walikuwa wameshaandika nacho daftari zima.

Swali la tatu, la insha zinakopelekwa, nilijibu kwa sentensi moja: ziko kwenye boksi, nimeomba nakala ya yako na ninayo mezani.

Barua yake ilikuja baada ya wiki tatu. Alisema baba yake amesoma kuhusu mahakama na amecheka, kisha akaisoma tena na hakucheka. Alishukuru. Chini kabisa akaongeza swali la nne: "Dada, samahani kama si vizuri kuuliza. Wewe ulinipa ngapi?"

Nimekaa na swali hilo siku nyingi kuliko yale matatu mengine. Wiki iliyopita nimemjibu. Nimemwandikia 54, nikamweleza mwongozo ulivyokuwa, na nikamweleza kwamba nilisema "sawa" mahali ambapo nilipaswa kubisha. Ndani ya bahasha nimeweka pia nakala ya rasimu yangu ya 2007, na ile aya ya maharage bado inasomeka vizuri chini ya wino mwekundu.